Wazee Hawajaitwa: Mkanda wa Jeshi na Chanjo ya Utu Uzima

Katika nyumba nyingi za Songea, toka Bombambili mpaka Lizaboni, toka Mfaranyaki mpaka vijiji vilivyo chini ya milima ya Matogoro, kadi ya kliniki ya mtoto hutunzwa kwa hadhari ile ile itunzayo hati ya shamba na cheti cha ndoa: hufungwa katika mfuko wa nailoni, hutiwa sandukuni, na mama huweza kuitoa usiku wa manane bila taa kwa kuwa ajua iko upande gani. Desturi hii haikuja yenyewe. Ilianza kujengwa mwaka 1975, serikali ilipoanzisha mpango wa taifa wa chanjo za watoto, ikalelewa na wauguzi waliozifuata kaya zilikokuwa, hata leo mama asiyempeleka mwanawe kuchanjwa huulizwa sababu na jirani kabla hajaulizwa na mwuguzi. Lakini katika nyumba hizo hizo, aghalabu barazani au karibu na meko, hukaa mzee asiye na kadi yoyote ya namna hiyo, ambaye hakuna aliyepata kumwambia kwamba uzee nao una maradhi yake yazuilikayo kwa chanjo, na ambaye akisikia wachanjaji wamefika mtaani huwaita wajukuu watoke, naye mwenyewe akabaki pale alipo.

Wala si kwamba mzee huyo ni mgeni wa chanjo. Mwombe apandishe mkono wa shati, na aghalabu utaliona kovu la chanjo ya ndui, alilolipata utotoni au ujanani katika siku ambazo watu walipangwa mistari shuleni na magulioni. Ndui imetoweka ulimwenguni: mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca nchini Somalia, aliugua Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likautangazia ulimwengu kwamba balaa lile limekoma. Waliolikomesha ni hawa tunaowaita leo bibi na babu, walioitikia walipoitwa. Kwa hiyo msemo usikikao maofisini, kwamba wazee ni wagumu wa kuelewa na hawapendi sindano, naukataa. Wazee hawakuikataa chanjo ya utu uzima, hawajaitwa kuipokea.

Maradhi ninayokusudia kuyasema ni yale yaitwayo mkanda wa jeshi. Mwenye kuyaona kwa jicho huona malengelenge mekundu yaliyoshikana upande mmoja wa kifua, mgongo, kiuno au uso, yakifuata njia ya mshipa mmoja wa fahamu kana kwamba yamechorwa kwa rula. Asiloliona ni uchungu. Huanza siku kadhaa kabla upele haujatoka, mzee akalalamika kwamba ubavu wamwunguza, akadhaniwa ana vidonda vya tumbo au maradhi ya moyo. Kisha malengelenge hutoka, hukauka, na baada ya wiki mbili hadi nne ngozi huwa imefunga. Laiti mambo yangekoma hapo! Kwa baadhi ya walio na umri mkubwa mshipa ule hubaki na jeraha, na maumivu huendelea kwa miezi, kwa wengine miaka, maumivu ambayo huamshwa hata na mguso wa nguo. Juni na Julai, baridi ya nyanda hizi inapoingia majumbani, kila mtu hujifunika blanketi zito. Mzee mwenye jeraha la mkanda hawezi kulistahimili blanketi juu ya ubavu wake, basi huchagua baina ya kutetemeka na kuungua. Asubuhi hawezi kujitwika kuni, wala kufunga kamba ya mzigo, wala kushika jembe. Na mkanda ukitokea kwenye paji la uso na kuliingia jicho, huweza kulipofusha.

Chanzo chake hakikufahamika kwa wepesi. Alikuwako tabibu mmoja wa Uingereza, Edgar Hope-Simpson, ambaye hakuwa mkuu wa chuo wala wa hospitali kubwa, bali daktari wa mji mdogo wa Cirencester, akiwatibu watu wale wale mwaka baada ya mwaka na kuandika kila alichokiona. Tangu 1947 mpaka 1962 alikusanya habari za wagonjwa 192 wa mkanda katika jamii aliyoihudumia, akaona kwamba kadiri umri unavyozidi ndivyo mkanda unavyokithiri, na kwamba hauji kwa msimu wala kwa ambukizo kama tetekuwanga. Na mwaka 1965 akatoa hoja yake, kwamba mkanda hautoki nje ya mtu, bali ni kirusi kile kile cha tetekuwanga aliyougua zamani, kirusi ambacho hakikuondoka mwilini ila kilijificha katika mizizi ya fahamu kando ya uti wa mgongo, kikangoja kinga idhoofike. Hoja hiyo imethibitika. Nami huitaja kila nipatapo nafasi, kwa sababu ni hoja iliyozaliwa kwa mganga wa mtaani aliyewaheshimu wazee kiasi cha kuwaandika, na zahanati zetu zina watumishi wengi ambao wangeweza kufanya hivyo kama wangepewa daftari na muda.

Basi kila mtu aliyepata kuugua tetekuwanga, na katika rika la wazee wetu ni nadra kumpata ambaye hakuugua, anabeba mbegu ya mkanda. Hakulogwa, hakutambaliwa na mdudu usiku, wala hakutenda dhambi. Tena yale yanayoaminiwa na wengi, kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mgonjwa hufa, hayana msingi: kwa kuwa mkanda hufuata mshipa wa upande mmoja, ni nadra sana kuvuka katikati ya mwili.

Hata hivyo kuna jambo lililo zito kuliko imani ya ncha mbili, na ni jambo ambalo mtu wa mkoani kwetu Ruvuma hulijua hata kama halisemi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa nchini walitambuliwa mkoani Kagera, na katika miaka iliyofuata, kabla vipimo havijaenea na kabla dawa hazijapatikana, waganga waliona kwamba kijana mwenye nguvu akitokwa na mkanda wa jeshi, mara nyingi ni kwa sababu kinga yake imeanza kuvunjwa na kirusi kile kingine. Uoni huo ulikuwa sahihi, na hata leo mkanda umo katika orodha ya dalili ambazo Shirika la Afya Duniani huzihesabu katika hatua ya pili ya maradhi hayo. Lakini elimu ilipotoka hospitali na kufika sokoni ilipoteza nusu yake: ikasahauliwa kwamba sababu kubwa kuliko zote ya mkanda ni umri, ikabaki hukumu moja tu, kwamba mwenye mkanda anao.

Hukumu hiyo haikumwacha mzee. Bibi wa miaka sabini na mbili, mjane, mwenye wajukuu na vitukuu, mshika sala katika jumuiya yake, akiona malengelenge ubavuni hufikiri kwanza watu watasema nini. Hujifunga kitenge juu, hukaa ndani, hupaka majivu au dawa ya meno, humwambia binti yake kwamba ameungua kwa maji ya moto; na binti, naye akiwa na soni ile ile, hamwulizi zaidi. Siku hupita. Nazo siku hizo ndizo zenye thamani kuliko zote, maana dawa ya aciclovir, ambayo si ngeni katika hospitali zetu, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele kutokeza. Mgonjwa huinywa mara tano kwa siku, kwa siku saba, na tangu hapo makali ya maradhi hupungua na malengelenge hukauka mapema. Mzee anayekuja wiki ya pili, baada ya kushindwa kuficha, hukuta dawa hiyo imepoteza sehemu kubwa ya faida yake, akabakiwa na vidonge vya kutuliza maumivu tu. Kwa insafu yote, siwezi kumlaumu. Alikuwa akiilinda heshima yake, na heshima kwa mtu wa umri ule ni mali ya mwisho aliyobaki nayo.

Lawama, kama ipo, ni yetu tuliopewa sauti. Mwuguzi ampokeapo mzee mwenye mkanda na kumwelekeza moja kwa moja kwenye chumba cha kupima VVU, mbele ya foleni, bila ya kumweleza kwanza kwamba umri peke yake watosha kuuleta, hata kama amefanya wajibu wake wa kitabibu, amewafunza watu kumi waliokuwa katika foleni kutokuja. Kipimo ni chema, tena ni haki ya kila mgonjwa kukipata kwa faragha na kwa hiari. Dawa za kupunguza makali zinatolewa bure nchini tangu mwaka 2004, na kwa baraka zake wako wazee wengi wanaoishi na VVU kwa miaka mingi, ambao nao wako katika hatari kubwa zaidi ya mkanda. Linalotakiwa ni mpangilio wa maneno: kwanza shikamoo, kisha umri, kisha tetekuwanga ya zamani, kisha dawa, kisha kipimo.

Sasa chanjo. Mwaka 1974 daktari wa Japani, Michiaki Takahashi, alitoa habari za chanjo ya tetekuwanga aliyoitengeneza kwa kukidhoofisha kirusi alichokipata kwa mtoto, na kutokana na uzao wa kirusi hicho ikapatikana baadaye chanjo ya kwanza ya mkanda kwa wakubwa, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2006. Ilifaa, ila nguvu yake ilipungua kwa walio wakongwe zaidi, yaani hao hao walioihitaji kuliko wengine. Na kwa kuwa kirusi chake kilikuwa hai, haikuwafaa wenye kinga dhaifu. Mwaka 2017 ikaja nyingine, Shingrix, isiyo na kirusi hai, ambayo hudungwa mara mbili kwa watu wenye miaka 50 na kuendelea, sindano ya pili ikifuata baada ya miezi miwili hadi sita, na katika majaribio makubwa ilizuia mkanda kwa takriban asilimia 97 kwa walio na miaka 50 na zaidi, na kwa takriban asilimia 90 kwa waliopita miaka 70. Ni nadra chanjo kufanya kazi namna hiyo katika mwili wa mzee.

Siri ya nguvu hiyo inatuhusu sisi kwa karibu kuliko watu wanavyodhani. Pamoja na kipande cha kirusi, ndani ya chanjo hiyo mmetiwa kichangamsho cha kinga kiitwacho AS01, ambacho sehemu yake moja hutolewa katika magome ya mti wa Chile. Na kichangamsho cha jamii hiyo hiyo ndicho kilichotiwa katika RTS,S, chanjo ya kwanza ya malaria, iliyojaribiwa katika vituo 11 vya Afrika tangu 2009 mpaka 2014, viwili kati ya hivyo vikiwa hapa kwetu, Bagamoyo na Korogwe. Watoto wa Kitanzania walinyoosha mikono yao, na wazazi wao wakakubali, katika miaka ile ile ambayo wazee wa nchi nyingine walikuwa wakiijaribu chanjo ya mkanda yenye kichangamsho kile kile. Leo wazee wa London na Chicago wanalindwa kwa maarifa ambayo Bagamoyo na Korogwe zilichangia kuyakomaza, lakini chanjo yenyewe haimo katika ratiba ya taifa letu, haimo katika chanjo zinazofadhiliwa na mfuko wa Gavi, na huko Marekani bei yake hupita dola 150 kwa sindano moja. Hesabu hiyo kwa mkulima wa mahindi wa Namtumbo ni muhali. Nasema haya bila ya uchungu kwa wale waliopata. Nasema ili wenye mamlaka ya kujadiliana bei wajue kwamba hatuendi kuomba sadaka.

Lakini tusijidanganye kwamba chanjo ikifika kwa bei nafuu kazi itakuwa imekwisha. Uingereza iliianza chanjo ya mkanda Septemba 2013 kwa wazee wa miaka ya sabini, bila ya malipo, nchi yenye daktari kwa kila mtaa na posta kwa kila nyumba. Mwaka wa kwanza waliochanjwa walikuwa takriban sita katika kila kumi wa walioitwa. Miaka michache baadaye wakashuka chini ya nusu. Dawa haikubadilika, wazee hawakubadilika. Kilichobadilika, pamoja na mengine, ni wito: mwanzoni rika zima liliitwa kwa pamoja, kisha utaratibu ukafungamanishwa na siku ya kuzaliwa ya kila mmoja, wito ukatawanyika mwaka mzima, na ukapoteza ile nguvu ya watu wa umri mmoja kwenda pamoja. Huko Wales mpaka wa umri uliwekwa wazi kwa tarehe: aliyezaliwa 2 Septemba 1933 au baadaye aliruhusiwa, aliyezaliwa siku moja kabla hakuruhusiwa kamwe. Watafiti wakawalinganisha watu wa pande mbili za tarehe hiyo, na mwezi Aprili 2025 jarida la Nature likachapisha matokeo yao, kwamba katika miaka saba waliopata chanjo, nayo ni ile ya zamani, walipungukiwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu kwa takriban sehemu moja ya tano. Sababu yake bado inachunguzwa. Lakini kwa familia iliyomwuguza mzee asiyeitambua tena nyumba yake, habari hiyo haihitaji kupambwa.

Nasi tuna mafunzo yetu wenyewe, tena ya karibu. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Dar es Salaam dhidi ya UVIKO-19, na miongoni mwa waliotangulizwa walikuwa wenye miaka 50 na zaidi, pamoja na watumishi wa afya na wenye maradhi ya kudumu. Kwa mara ya kwanza katika muda mrefu mzee aliambiwa kwamba yeye ndiye wa mbele. Mwanzo ulikuwa mzito, uvumi ukatangulia elimu. Ila watumishi walipoondoka nyuma ya meza zao wakaingia katika mikutano ya vijiji, magulio, nyumba za ibada na mashamba, hesabu ikapanda. Na Machi 2022, baada ya Malawi kutangaza mwezi Februari kwamba imempata mgonjwa wa polio, mikoa minne ya mpakani, Ruvuma, Njombe, Mbeya na Songwe, ilipitiwa nyumba kwa nyumba ili kila mtoto wa chini ya miaka mitano apate matone. Wachanjaji walibisha hodi milangoni mwetu kote. Katika nyumba nyingi aliyewakaribisha, akawaitia watoto, akawashikia kichwa cha mjukuu aliyekuwa akilia, ni bibi. Hakuna aliyekuwa na la kumwuliza juu yake mwenyewe, kwa kuwa fomu haikuwa na safu yake.

Fomu hiyo huweza kuongezwa safu. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu zaidi ya milioni 1.8 mkoani Ruvuma, na kwa kiwango cha taifa zaidi ya mmoja katika kila ishirini amefika miaka 60, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 huutambua kuwa ni wa uzee. Wengi wao wanajulikana kwa majina: wenyeviti wa mitaa wanazo orodha za wazee wanaostahili matibabu bila malipo, parokia zinazo jumuiya ndogo ndogo ambazo hujua nani hakuonekana wiki hii, na misikiti nayo hujua nani amekosekana safu ya mbele. Tena wakati unajulikana. Mvua zikiisha na mahindi yakishavunwa, mwezi Julai, mzee hupatikana nyumbani na njia za Mbinga na Tunduru hupitika. Sindano ya kwanza ikitolewa hapo, ya pili huangukia Oktoba, kabla ya mvua na kabla ya watu kurudi mashambani, ndani ya muda ule ule unaotakiwa na watengenezaji. Na kila mmoja aambiwe mapema, bila kufichwa, kwamba mkono utauma na huenda homa ikamshika siku moja au mbili. Maana mzee aliyeshtukizwa na homa ya sindano ya kwanza hatakuja kwa ya pili, na jirani yake hatakuja hata kwa ya kwanza.

Hayo ni ya siku chanjo itakapofika. Yale ya leo hayangoji bajeti kubwa. Aciclovir iwepo mpaka ngazi ya zahanati, isiwe ya hospitali ya rufaa ya mkoa na ya Peramiho peke yake, kwani saa 72 huisha barabarani. Kila zahanati iwe na daftari linaloandika umri wa kila mgonjwa wa mkanda na siku aliyoanza kuumwa, ili kesho mtu akiuliza kama maradhi haya ni mzigo Ruvuma tusimjibu kwa hisia. Bila daftari hilo hakuna wizara itakayoweza kuitetea chanjo hii mbele ya wagawaji wa fedha, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haitakuwa na cha kuhesabu. Na katika dirisha la wazee, mahali ambapo mzee hutangulizwa kwa taadhima na kuulizwa presha na sukari, aulizwe na swali la tatu, lisilogharimu hata senti: Je, babu, je, bibi, kuna mahali pa ngozi panapokuunguza upande mmoja, hata kama hapajatoka kitu?